Muulize Fundi: Apdeti Imekatikia Njiani, TV Nyeusi Tii

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie niko Wete, tuna ile kompyuta ndogo ya gemu za zamani, Raspberry Pi 4 imetiwa Batocera (ndo mfumo wa kuchezea hizo gemu), kaka yangu katuletea kutoka Muscat na watoto wanaipenda kuliko chakula. Ijumaa iliyopita mkubwa kaona maandishi kuna apdeti mpya, kabonyeza tu bila ya kuuliza mtu, imefika asilimia sabini na kitu umeme ukazimika. Uliporudi TV nyeusi tii, kwenye bodi kuna taa nyekundu tu imetulia. Nimeipeleka kwa fundi wa simu hapa mjini kaniambia bodi ishakufa, ninunue nyengine laki mbili na nusu. Jana nikatia ile kadi kwenye laptopu yangu, ikaniambia niifomati, nikaogopa nikaichomoa. Tatizo mkubwa ana ligi yake ya mpira mule ndani anaicheza tokea Ramadhani, hali vizuri kwa ajili yake. Halafu siku za nyuma kulikuwa na alama ya radi ya manjano inatokea pembeni ya TV inapotea, sie tukidhani ni ya gemu. Ndo basi tena?
Mama Wawili, Wete

JIBU: Waalaykum salaam Mama Wawili. Huo uoga wako wa jana ndo uliookoa ligi ya mtoto, ungebonyeza "ndiyo" pale saa hizi tungekuwa tunazungumza mengine. Hiyo kadi iweke pahala pake, asiiguse mtu mpaka umalize kusoma.

Na laki mbili na nusu zako zibaki mkobani kwanza. Hii Pi haina hifadhi ya ndani kama simu, mfumo wote pamoja na gemu unakaa kwenye ile kadi ndogo, na apdeti ya Batocera inaandika kwenye kadi, kwa hiyo umeme ukikatika kati kinachoharibika mara nyingi ni mafaili ya kwenye kadi, bodi yenyewe haina habari. Kuhakikisha ni bure: chomoa kadi, waya wa HDMI uchomeke kwenye tundu lililo karibu na tundu la chaja (Pi 4 inayo mawili, na watu wengi wanahangaika na lile jengine), halafu iwashe hivyo hivyo bila ya kadi. Hizi Pi 4, isipokuwa zile za mwanzo mwanzo, zinakuletea skrini ya maandishi madogo madogo yenye picha ya tunda, inalalamika haioni kitu cha kuwashia. Ukiyaona hayo maandishi bodi yako nzima, mwambie na yule fundi.

Kisha rudisha kadi uwashe tena, ila safari hii macho usiyaweke kwenye TV, yaweke kwenye bodi. Pembeni ya taa nyekundu kuna ya kijani. Nyekundu inakwambia moto unaingia basi, ya kijani ndo inayozungumza. Ikipepesa mara nne ikapumzika, ikarudia nne, faili la kuanzishia halionekani. Ikipepesa saba, limeonekana lakini kaneli, yaani moyo wa mfumo, haupo. Zote mbili kwako ni habari njema, maana ndo sura ya apdeti iliyokatikia njiani. Isipopepesa kabisa, na bila ya kadi TV haikuonesha kitu, hapo kuna uwezekano ile programu ndogo ya kuwashia iliyo kwenye chipu ya bodi imeharibika, na hiyo nayo inatibika: kwenye Raspberry Pi Imager, programu ya laptopu ya kuandikia kadi, kuna sehemu ya kutengeneza kadi ya kurudishia butiloda, ndo hiyo programu ndogo, tia kadi yoyote ya zamani (si ile ya ligi!), iwashe nayo, TV ikigeuka kijani kitupu na taa ikapepesa haraka haraka bila ya kusita imeshapona.

Sasa hiyo kadi. Mule ndani kuna vyumba viwili. Cha mbele kinaitwa BATOCERA, ndo cha mfumo, laptopu ya Windows inakisoma. Cha nyuma kinaitwa SHARE, ndo kuna gemu na sevu zote, na kimepangwa kwa mtindo wa Linux ambao Windows haiujui, sasa badala ya kusema siujui inasema kadi mbovu ifomatiwe! Wallahi nishaona watu wazima wamepoteza miaka ya sevu kwa kibokisi kile kimoja. Kikija bonyeza cancel, kikija tena cancel tena, usichoke nacho.

Ukishakifunga, fungua kile chumba cha BATOCERA. Kopi kwanza config.txt na batocera-boot.conf uziweke kwenye laptopu. Halafu ingia tovuti ya Batocera upakue faili la boot.tar.xz la Pi 4, hasa ya Pi 4, usichukue ya Pi 3 wala 5 ukidhani ndugu wamoja. Faili zito hilo, usilipakue kwa bando la siku, tafuta wifi ya mtu unayemuamini. Lifungue kwa 7-Zip, programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, utalifungua mara mbili, la kwanza linatoa .tar na ukifungua hiyo .tar ndo yanatoka mafaili yenyewe, watu wengi wanaishia la kwanza wakasema halifanyi kazi. Yote yaliyotoka yamwage ndani ya BATOCERA, ikiuliza yachukue nafasi ya ya zamani sema ndiyo (hapa ndiyo, pale siyo), rudisha na zile mbili ulizokopi, toa kadi kwa eject usiinyofoe tu. Rudisha kwenye Pi uwashe, mara ya kwanza itachelewa, kaa kunywa chai.

Ikigoma, nunua kadi mpya, uandike Batocera nzima nzima juu yake kwa Imager, washa na hiyo. Ikishawaka kabisa mpaka menyu imetokea, hapo ndo uchomeke kadi ya zamani kwa kisomeo cha USB, usiichomeke kabla, maana vyumba vya kadi zote mbili vina majina sawasawa na mfumo unaweza kuchanganyikiwa. Bonyeza F1 kwenye kibodi, linafunguka dirisha la mafaili, tafuta folda la saves uhamishe, kisha roms (ndo gemu zenyewe) na bios (mafaili ambayo baadhi ya gemu zinayahitaji ziwake). Anza na saves. Gemu zinapatikana tena, ligi ya toka Ramadhani haipatikani.

Sasa ile radi. Hiyo haikuwa ya gemu Mama, ilikuwa Pi inalia njaa. Inatokea volti zikishuka chini ya 4.63, na sababu karibu kila siku ni chaja ya simu au waya mwembamba. Pi 4 inataka volti 5 na ampia 3 kamili. Bila ya hivyo kadi inaweza kuharibika hata umeme usipokatika. Na apdeti nyengine fanya ikiwa na UPS, lile betri la akiba la umeme ukikatika, la hakuna UPS usifanye. Sie Unguja tuliokaa gizani tokea Disemba 2009 mpaka Machi 2010 umeme hatuuamini hata ukiwa unawaka. Na kusema kweli gemu hizo zimetengenezwa kabla ya mkubwa wako kuzaliwa, kama zinacheza sioni apdeti ya nini.

SWALI: Fundi, mie natumia Pi 4 hiyo hiyo, nikiweka mfumo kwenye flashi badala ya kadi nitaepukana na matatizo haya?
Msomaji, Makunduchi

JIBU: Pi 4 inawaka kwa USB ndiyo, ila flashi ya bei rahisi haina tofauti na kadi ya bei rahisi, na umeme ukikatika kati ya apdeti zote zinaumia. SSD ndogo, yaani diski ya kompyuta isiyozunguka, ndo ningekushauri, lakini nayo inakula moto, kwa hiyo tunarudi kwenye ile chaja.