Sentimita 90 za ukingo wa juu zinapimwa kutoka wapi?

SWALI: Assalaam aleikum mhandisi. Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu. Tumemwaga slabu juu ili wageni wetu wapunge upepo jioni chini ya makuti. Upande wa bahari hauna ukuta, na tutajenga baraza ya mawe kandokando yake. Fundi wa vyuma anasema ukingo wa sentimita 90 watosha, ndiyo sheria ya Marekani, na ukizidi hapo mgeni aliyeketi hataiona bahari. Je, ni kweli?

JAWABU: Waaleikum salaam, dada. Kwa nyumba yako, hapana. Weka 110.

Namba ya fundi wako haikutungwa, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu watu wanaiamini. Inchi 36, yaani sentimita 91, ni kipimo cha kanuni za Marekani kwa nyumba za makazi za familia moja au mbili. Hoteli na majengo ya biashara, huko huko Marekani, hudaiwa inchi 42, karibu sentimita 107. Uingereza hutaka 110 kwenye roshani na kingo za mapaa. Wewe unapokea wageni wanaolipa, nyumba wasiyoizoea, gizani, pengine na watoto wao. Halafu tazama mwili wenyewe: mtu wa sentimita 175 akisimama, kitovu cha uzito wake kiko kama sentimita 97 kutoka chini. Ukingo ukiwa chini ya hapo, akiuegemea kwa kishindo anapinduka juu yake. Ukiwa juu ya hapo, unamrudisha ndani.

Sasa hiyo baraza. Kila mwezi naonyeshwa picha ya baraza iliyogandamana na ukingo, na mwenye nyumba ananiambia kwa fahari ukingo ni mita moja kamili. Mita moja kutoka wapi? Baraza ya sentimita 45 ni sakafu kwa mtoto wa miaka minne. Hakai, anasimama juu yake aone majahazi. Ukingo wako wa 90 kwake ni 45, chini ya kiuno chake. Kanuni za Marekani za mwaka 2009 ziliagiza wazi kwamba penye kiti cha kudumu kando ya ukingo, upimaji uanzie kwenye kiti. Toleo la 2012 likaliondoa sharti hilo. Mimi nimebaki na la 2009. Isogeze baraza upande wa pili, iegemee ukuta wa nyumba, na mgeni aitazame bahari kupitia fito za ukingo. Fito zisimame wima, na nafasi kati yao isizidi sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipite. Mabomba ya kulaza ni ngazi, usiyakubali.

Hapo nimekujibu ulichouliza. Ambacho hukuuliza, na wengi hawaulizi, ni shina la ukingo. Fundi atasimamisha nguzo juu ya kisahani, atoboe slabu, atie bolti nne za kupanuka, zile zinazovimba ndani ya tundu zikikazwa, kisha atikise kwa mkono mmoja akwambie, "Ona, haitingishiki." Mkono mmoja si kipimo. Kanuni hizo hizo anazozitaja zinataka ukingo uhimili pauni 200, karibu kilo 90, zikisukuma sehemu yoyote ya juu. Ukingo ni mtaimbo: kilo 90 kwenye urefu wa sentimita 110, bolti za mbele na za nyuma zikiachana sentimita 8 tu, zinakuwa zaidi ya tani moja ya kung'oa bolti mbili za ndani. Kando kabisa ya slabu, zege hupasuka kabla bolti haijavutika. Kwenye jiwe la matumbawe na chokaa ni vibaya zaidi, maana bolti ya kupanuka haina cha kuuma. Bolti ipite slabu nzima, chini ipokelewe na bamba la chuma, na isogee mbali na mwisho wa zege.

Bahari nayo haimsubiri mtu. Chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa, zinki inaungua pale pale kwenye maungio, na rangi ya fedha inayopulizwa juu yake inaficha tu. Maji ya chumvi hukaa chini ya kisahani, pasipoonekana, yakala. Nimeshika nguzo inayong'aa kama jana, ikang'oka mkononi kutoka chini. Wanaouza "stenlesi" waulize ni daraja gani. Ufukweni chukua 316, si 304, na wakikupimia kwa sumaku waambie sumaku haitofautishi hizo mbili.

Tena, kama slabu hiyo ilimwagwa bila mhandisi kuzikagua kuta za zamani zinazoibeba, mwite kabla hujanunua hata fito moja. Mji Mkongwe uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo ramani pia wapelekee kaunti na ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo Lamu.

Fundi akisema amemaliza, usimlipe salio siku hiyo. Ngoja vigae vilazwe, kwa sababu kigae na udongo wake hula sentimita tano au sita, kisha piga futi mwenyewe kutoka juu ya kigae, penye sakafu iliyoinuka zaidi kando ya ukingo. Halafu panda ngazi kwa chini, uzihesabu nati zilizopita kwenye bamba.