Kukata rufaa dhidi ya uamuzi mdogo kesi ikiendelea

Dada wa Kondoa, unauliza kama kaka yako, anayeshtakiwa katika Mahakama ya Wilaya, anaweza kukimbilia Mahakama Kuu hapa Dodoma kwa sababu hakimu amepokea maelezo ya onyo ya kaka yako (yale aliyoandikisha polisi baada ya kuonywa) kama kielelezo, yaani ushahidi, ilhali mwenyewe alisema alipigwa kabla ya kuyasaini.

Kwa sasa hawezi. Tangu marekebisho yaliyoletwa na Sheria Na. 25 ya 2002, hakuna rufaa wala maombi ya marejeo (kuiomba mahakama ya juu iupitie uamuzi) dhidi ya uamuzi mdogo unaotolewa kesi ikiendelea, isipokuwa uamuzi huo uwe umemaliza kabisa shtaka lenyewe, na kupokea kielelezo hakumalizi chochote, kwani kesho yake mashahidi wataendelea kuitwa. Zamani jalada la kesi liliweza kuitwa mahakama ya juu kwa kila pingamizi na mshtakiwa akabaki mahabusu akisubiri lirudi. Binafsi naona zuio hilo, ingawa linauma, lina maana.

Hata hivyo pingamizi lake halikupotea. Wakili ahakikishe limeandikwa kwenye mwenendo wa kesi, yaani nani alipinga, kwa sababu gani, na kama kesi ndogo ya kuchunguza hiari ya maelezo ilifanyika. Akitiwa hatiani, atoe kusudio la rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, kisha rufaa ndani ya siku 45 tangu hukumu hiyo, na hoja ya maelezo iwe miongoni mwa sababu zake.