Kwa Anayeanza Saksafoni Kisumu

Nilipoanza kujifunza saksafoni nilikuwa nimepanga chumba kimoja mjini Kisumu, na wiki ya pili haijaisha mwenye nyumba alinitaka ninyamaze au nihame. Nikawa ninabeba ala yangu alfajiri hadi karibu na mwalo wa Dunga, ambako wavuvi walikuwa na shughuli zao na hawakunijali. Nilijihurumia sana, mpaka niliposoma kwamba Sonny Rollins, mpiga saksafoni ambaye tayari alikuwa na jina kubwa katika jazi ya Marekani, aliacha majukwaa mwaka 1959, kabla hajatimiza miaka 30, akawa anafanyia mazoezi juu ya daraja la Williamsburg jijini New York ili asiwasumbue majirani. Hakurudi jukwaani hadi 1961. Mtu aliyekuwa akilipwa kupiga aliona kwamba upigaji wake bado haujamridhisha.

Kwa hiyo nakushauri, ndugu unayeanza, utafute mahali pa kufanyia mazoezi kabla hata hujatafuta nyimbo, kisha nusu saa ya kwanza kila siku uishikilie noti moja kwa pumzi moja, polepole, mpaka sauti iache kutetemeka. Zoezi hili linachosha, na wengi huliruka. Nami nililiruka mwaka mzima, nikawa na vidole vyepesi na sauti ya bata.

Ridi, yaani kile kijiti cha tete kinachotetema mdomoni, usitumie kimoja mpaka kife; zungusha vitatu au vinne, na baada ya kupiga pitisha kitambaa ndani ya ala, kwa maana unyevu huharibu vifuniko vya ngozi.

Jambo lililoniaibisha zaidi ni ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Magharibi mwa Kenya neno jazi limebebwa kwa muda mrefu na bendi za gitaa, kama Shirati Jazz iliyopiga benga, hivyo huenda bendi yako ya kwanza ikaongozwa na mpiga gitaa. Noti ya saksafoni haitoi sauti sawa na noti ya jina hilo hilo kwenye gitaa; kwa hiyo akisema G, wewe mwenye saksafoni ya alto unapiga E, na mwenye saksafoni ya tena, iliyo kubwa kuliko alto, anapiga A. Mimi sikulijua hilo. Katika harusi yangu ya kwanza nilipiga G ile ile iliyotajwa, kwa nguvu zote, mbele ya wageni waliosimama kucheza. Siku hizi hubadilisha bila kufikiri, isipokuwa kanisani, ambako mpiga kinanda hupandisha ufunguo katikati ya wimbo pasipo kumwambia mtu.