Pikapu ya dizeli au ya petroli?

SWALI: Fundi, nataka pikapu. Jumamosi nitabeba mchanga. Siku nyingine ni kwenda kazini tu, kilomita sita. Ninunue ya dizeli?

JIBU: Kwa mchanga, ndiyo. Kwa hizo kilomita sita, hapana. Dizeli hula mafuta pungufu, pengine kwa robo hivi, na huvuta mzigo bila kulialia. Ila ni ghali kuinunua, na nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini zikifa (Mungu apishe mbali) utauza mbuzi. Yangu iliponzwa na safari fupi: ekzosi haikupata joto la kuchoma masizi, chujio la masizi likaziba, na kulibadilisha kukameza pesa zote nilizookoa kwenye mafuta. Chukua tofauti ya bei za magari, igawe kwa unachookoa kwenye mafuta kila mwezi. Ukipata zaidi ya miezi 60, nunua ya petroli.