Waliniuliza nani anampikia mume wangu

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi wa plasta, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mwaka jana mtangazaji wa redio moja alifika saiti yetu kule Ihumwa akanihoji. Nilijiandaa kueleza kazi. Yeye akataka kujua mume wangu anajisikiaje, na jioni nani anapika. Nikamjibu ukweli: anayewahi kurudi ndiye anayepika. Kipindi kilipotoka nikaitwa "mwanamke jasiri anayefanya kazi ya kiume", na mume wangu hadi leo kijiweni wanamwita Mama Ugali. Sasa wananiita tena kwa ajili ya Siku ya Wanawake, 8 Machi. Niende, au nina hasira za bure?
Fundi, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hasira zako si za bure. Nilifanya kazi chumba cha habari hadi nikastaafu, na maswali hayo nayajua. Mtangazaji hakuyapata saiti, alikuja nayo. Habari yake ilikuwa imeshakamilika kabla hajauona ukuta wako, ilibaki sauti tu. Wanaume waliokuwa nawe juu ya jukwaa siku ile, yupo aliyeulizwa watoto amemwachia nani?

Hilo la "kazi ya kiume" ndilo linaloniudhi zaidi. Bibi yangu kule Mpwapwa alikandika tembe lake mwenyewe, udongo na mavi ya ng'ombe, mikono mitupu, na hakuna aliyemwita jasiri. Ilipoingia saruji na malipo ya siku, ukuta uleule ukawa wa wanaume, sisi tukabaki kuchota maji na kumsogezea fundi ndoo. Na muheme je? Ngoma ile ya Kigogo wanapiga wanawake, wameibana mapajani, na mtu aliyekulia huku ameiona tangu utotoni. Lakini akishika maikrofoni anasahau, maana utangazaji amejifunza kwa kusikiliza vipindi vya waliomtangulia.

Jambo hili lilishajadiliwa zamani. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, ule wa Beijing wa 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, ulitenga sehemu nzima ya mpango wake kwa wanawake na vyombo vya habari. Mwaka huohuo ulifanyika ufuatiliaji wa habari za siku moja katika nchi nyingi: kati ya kila watu 100 waliotajwa au kuhojiwa, wanawake walikuwa 17. Mwaka 2020, katika nchi 116, walifika 25. Nane tu wameongezeka kwa robo karne! Na baadhi yao, kama wewe, waliulizwa habari za jikoni.

Mumeo naye kaumizwa na kipindi hichohicho. Sikiliza matangazo yetu: sabuni ni ya mama, saruji ni ya mwanamume mwenye kifua, na baba akionekana jikoni ujue kuna kitu kitaungua ili tucheke. Uingereza kanuni ya kuzuia matangazo ya namna hiyo ilianza kutumika Juni 2019, na miongoni mwa ya kwanza kusimamishwa ni tangazo la jibini ambamo akina baba wanajisahau kwa chakula hadi watoto wao wachanga wanachukuliwa na mkanda wa kusambazia sahani. Hao wa kijiweni wamefundishwa kucheka. Mumeo apike tu.

Nenda. Ila mpigie mtangazaji kabla, umwambie unachotaka kuzungumzia: mchanga upi unafaa na upi una udongo mwingi, kwa nini kwa jua na upepo wa hapa ukuta usipomwagiliwa plasta inapasuka, na kama fundi mwanamke analipwa sawa na mwenzake. Hilo la malipo usiliache. Swali la mpishi likirudi, mwambie utalijibu akishamuuliza fundi aliye kushoto kwako. Mumeo muulize kwanza kama anataka kutajwa, akikataa, asitajwe.

Na kabla hawajazima mitambo, taja unapopatikana na kazi unazochukua. Watu wengi wanajenga Dodoma sasa hivi, na matangazo redioni ni ghali.