Maswali na Majibu: Mtaala wa Uzamili wa Uhandisi Unapofumuliwa

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: idara za uhandisi zinazopitia upya masharti ya shahada za uzamili na uzamivu. Tumechagua zile zinazogusa wengi. Majibu yanafuata utaratibu wa Tanzania, ambako msimamizi ni Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Msomaji wa Kenya naye atakuta mengi yanayomhusu, ingawa kwake mwenye mamlaka ni CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu ya huko.

Ndugu Mhariri, idara yetu ya uhandisi umeme inataka kozi mpya ya akili unde katika uzamili. Kila mtu anaitaka, ila hakuna anayekubali kozi yake iondolewe. Tufanyeje? (Mhadhiri, Dar es Salaam)

Wekeni majina ya kozi pembeni kwanza, mhesabu saa. Krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na saa za darasani ni sehemu tu ya hizo. Kozi ya krediti 12 ina saa 120: tuseme mihadhara 30, semina 15, maabara 20, kazi za kupewa 20, na 35 za kujisomea na kujiandaa kwa mtihani. Kozi tano za namna hiyo katika muhula mmoja ni saa 600. Zigawanye kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki. Mkiongeza ya sita bila kutoa yoyote, mwanafunzi anatakiwa kufanya saa 48. Hatazifanya. Atanakili ripoti za maabara, ataacha kusoma makala mlizompa, kisha mtihani ukija mtalaumu udahili.

Krediti 180 ambazo TCU inazitaka kwa uzamili ni kiwango cha chini. Idara nyingi husoma sharti hilo kana kwamba linaruhusu kujaza mpaka pafurike.

Sasa chukueni karatasi kubwa. Upande wa kushoto orodhesheni kozi zote, juu wekeni matokeo ya ujifunzaji ya programu nzima, yaani yale ambayo mhitimu atapaswa kuyaweza, na katika kila mraba muandike F panapofundishwa, Z panapofanyiwa mazoezi, P panapopimwa. Tokeo lisilo na P hata moja ni ahadi hewa, na lenye P katika kozi nne ni marudio. Kwenye umeme, marudio hayo mara nyingi huonekana katika uchambuzi wa mtiririko wa umeme gridini: unafundishwa kwenye uchambuzi wa mifumo, ukarudiwa kwenye uendeshaji, ukaibuka tena kwenye upangaji. Unganisheni kozi mbili kati ya hizo, nafasi ya krediti 12 imepatikana, na hakuna profesa aliyefukuzwa darasani kwake.

Limebaki swali ambalo wengi hulikwepa: nani ataifundisha? Kozi yenye mwalimu mmoja hufa siku anapokwenda likizo ya utafiti. Kama hamna wawili, iwe ya hiari kwa miaka ya mwanzo. Na kozi za hiari zisizidi uwezo wa darasa. Wanafunzi 14 mkiwapa kozi 9 za kuchagua, mtajikuta mnafundisha mtu mmoja mmoja.

Shikamooni wataalamu. Niko mwaka wa pili wa uzamili, nimekeri kozi moja, yaani nilifeli na natakiwa kuirudia. Nasikia mtaala mpya umeifuta. Je, nitamaliza kwa masharti gani? (Mwanafunzi, Mbeya)

Marahaba. Kwa kawaida mwanafunzi humaliza kwa masharti aliyosajiliwa nayo, lakini kawaida hiyo ikulinde kwa maandishi, usitegemee maneno ya korido. Mwandikie mkuu wa idara, nakala kwa ofisi ya masomo ya uzamili, uulize mambo matatu: mtihani wa kozi hiyo utatolewa hadi lini; kama kuna kozi mpya inayohesabiwa kuwa sawa nayo; na kama ukisoma hiyo mpya, yenye krediti tofauti, jumla yako itahesabiwaje. Tuseme ya zamani ilikuwa na krediti 12 na mpya ina 10. Pengo la krediti 2 linaweza kukuzuia kuhitimu, na mara nyingi hugunduliwa wiki chache kabla ya mahafali.

Wanaoandika mtaala nao wasome hapa. Kifungu cha mpito kinahitaji tarehe, kundi la wanafunzi na mwisho wake. Mfano: "Aliyesajiliwa kabla ya mwaka wa masomo 2026/27 atamaliza kwa masharti ya awali, si zaidi ya mwisho wa 2028/29. Kozi iliyofutwa itatahiniwa mara mbili zaidi, bila mihadhara." Anayetaka kuhamia masharti mapya aruhusiwe, ila ayachukue yote, asichague tasnifu fupi ya mtaala mpya na kozi chache za ule wa zamani. Kundi linalosahauliwa karibu kila mara ni la walioahirisha masomo. Wanarudi baada ya mwaka, wanakuta darasa lao halipo.

Halafu kuna kosa dogo lenye gharama kubwa: kuipa kozi mpya namba ya kozi iliyofutwa. Mfumo wa matokeo utachanganya alama za makundi mawili, na miaka mitano baadaye mwajiri atasoma kwenye transkripti kozi ambayo mhitimu hakuisoma.

Wanafunzi wetu humaliza kozi kwa wakati, kisha wanakwama kwenye tasnifu miaka miwili. Je, tuifute tuweke mradi mfupi? (Mratibu wa uzamili, Arusha)

Kabla ya kuifuta, angalieni inaanza lini. Katika programu ya miezi 18, msimamizi akipatikana mwezi wa 13, mwanafunzi ana miezi sita ya kuandika andiko la utafiti, kulitetea, kununua vifaa, kupima, kuchambua na kuandika. Kwenye uhandisi, vifaa peke yake vinaweza kula muda huo. Vyuo vya umma hununua kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na ombi la kihisi au kemikali lisilokuwa kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka husubiri.

Dawa yake ni kupanga upya kalenda. Mbinu za utafiti ziwe muhula wa kwanza, na alama kubwa ya kozi hiyo itokane na rasimu ya andiko lenyewe. Msimamizi atajwe kufikia wiki ya 8. Orodha ya vifaa iwasilishwe pamoja na andiko, na fundi sanifu wa maabara aisaini kuthibitisha kwamba mashine ipo na inafanya kazi. Saini hiyo inaokoa muda kuliko semina nyingi za kuandika tasnifu.

Kwa walioajiriwa, mradi mfupi unafaa pale tu unapotatua tatizo halisi la kiwandani na una mtahini wa nje. Hao pia msiwape mzigo wa mwanafunzi wa muda wote. Kozi tatu za krediti 12 kwa muhula ni saa 24 kwa wiki, na hizo tayari ni nyingi kwa mtu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni.

Tunabishana kuhusu sharti la makala mbili za utafiti kabla ya kutetea uzamivu. Je, ni nyingi? (Mjumbe wa kamati, Dodoma)

Idadi si tatizo kubwa. Neno litakaloandikwa ndilo litakaloamua. "Zilizochapishwa" na "zilizokubaliwa" zinaweza kutofautiana kwa miezi kadhaa. Fanyeni hesabu ya nyuma: data zikikamilika mwezi wa 24, makala ikatumwa mwezi wa 27, na wapitiaji wakachukua miezi tisa, tayari mmefika mwezi wa 36. Sharti la mbili zilizochapishwa, katika programu ya miaka mitatu, humsukuma mwanafunzi kwa majarida yanayochapisha chochote kwa malipo. Sisi tungeandika: moja iliyokubaliwa na moja iliyotumwa ikiwa na uthibitisho, mwanafunzi akiwa mwandishi wa kwanza katika zote mbili.

Taja pia kama maandiko ya kongamano yanahesabiwa. Kwenye kompyuta na mawasiliano yana uzito; kwenye majengo na maji, jarida ndilo linaloheshimiwa. Na andikeni nani analipa ada ya uchapishaji, maana sharti lisilo na bajeti humwangukia mwanafunzi.

Nina shahada ya fizikia. Je, uzamili wa nishati jadidifu utanifanya mhandisi aliyesajiliwa? (Msomaji, Morogoro)

Usiutegemee kwa hilo. Usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) husimama juu ya shahada ya kwanza ya uhandisi inayotambuliwa. Uzamili huongezwa juu yake, hauzibi nafasi yake. Idara zinazodahili wanasayansi ziseme hivyo kwenye tangazo, kabla mtu hajalipa ada.

Udahili uko miezi sita mbele. Je, mapitio yatakamilika? (Mkuu wa idara, Mwanza)

Hayatakamilika. Kuuliza wahitimu na waajiri, kuandaa rasimu, bodi ya idara, bodi ya ndaki, kamati ya Seneti inayoshughulikia uzamili, Seneti yenyewe, halafu TCU: kila kikao kina kalenda yake, na kukosa kimoja ni kusubiri kingine. Pangeni udahili wa mwaka unaofuata. Mkiwa mnangoja, rekebisheni yale yanayorudisha mitaala: jumla ya krediti kwenye jedwali la mwanzo isiyolingana na kurasa za kozi, matokeo ya ujifunzaji yaliyoandikwa "kuelewa" bila namna ya kuyapima, vitabu vilivyopitwa na wakati, na orodha ya walimu yenye jina la aliyestaafu.