Safu ya urefu usiojulikana ndani ya struct

Ndugu wa Uyole, umeuliza kwa nini safu `double kg[n];`, ya uzito wa magunia yako ya viazi, inakataliwa ndani ya `struct mzigo` katika lugha ya C. Ni kwa sababu ndani ya struct (fungu la data lenye sehemu kadhaa, yaani memba) kompaila inataka ukubwa usiobadilika. Tangu C99 (toleo la kiwango cha C la 1999) unaandika `double kg[];`, iwe memba ya mwisho, na itanguliwe na nyingine, mfano `size_t n;` ya idadi ya magunia. Halafu omba kumbukumbu kwa malloc:

`struct mzigo *m = malloc(sizeof *m + n * sizeof m->kg[0]);`

Hapo ndipo wengi huteleza. `sizeof *m`, yaani ukubwa wa struct kwa baiti, haihesabu safu: kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 8 tu, na magunia 40 yanataka 320 zaidi. Ukisahau nyongeza, unaandika nje ya eneo lako, na programu inaweza kujifanya nzima kwa wiki kadhaa.

Kagua kama malloc imerudisha NULL (imekosa nafasi), kisha jaza `m->n`. Usinakili mzigo mmoja kwenda mwingine kwa `*b = *a`, uzito hautakwenda wote; tumia memcpy, inayonakili baiti, kwa ukubwa uleule ulioomba kwa malloc. Kuachia kumbukumbu, `free(m)` moja inatosha.